Mwalimu wa Timu

Jioni moja ya Oktoba 2024 tulikusanyika kando ya mashamba ya chai huku Kericho, tukasikiliza redio. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilikuwa ikicheza na Kameruni. Siku chache kabla ilikuwa imefungwa mabao 4 kwa 1 huko Yaoundé. Jioni ile ikafungwa tena, bao 1 kwa bure. Hasira zikapanda. "Mwalimu aondoke!" tulipiga kelele, na sauti yangu ilizishinda zote. Tuliyemlaani ni Engin Firat, Mturuki aliyeifundisha timu tangu 2021.

Jirani yangu, mama aliyechuma chai tangu ujana wake, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, wamecheza Nairobi?"

Nikamjibu kwamba wamecheza Kampala, kwa kuwa viwanja vyetu havikuwa vimekubaliwa.

"Kumbe wenyeji wamekuwa wageni," akasema. "Mchai hutunzwa miaka 3 hivi kabla ya kuchumwa. Ninyi mwataka majani leo, na shamba hamna."

Neno lile lilinichoma, maana aliniita kwa kazi yangu ya zamani. Nilikuwa mkuu wa shule ndogo. Mwaka mmoja matokeo ya mtihani yalikuwa mabaya, wazazi wakaja wakidai niondolewe. Hakuna aliyetaja kwamba darasa moja lilikuwa na watoto 80, wala kwamba vitabu vilikuwa haba. Sikukosa lawama, wako wanafunzi niliowapuuza. Lakini nilitwishwa mzigo wote, na wenye sehemu yao wakaenda zao mikono mitupu. Sasa mimi nami nilikuwa nikimtwika mwenzangu mzigo kama ule.

Firat alijiuzulu Desemba 2024, na Machi 2025 akaja Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Agosti mwaka huo, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, vijana walicheza Kasarani mbele ya watu wao, wakazishinda Kongo, Moroko na Zambia, kisha wakatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti. Mwezi uliofuata, uwanjani humo humo, timu ya taifa ikafungwa na Gambia mabao 3 kwa 1. Nikasikia tena kelele zile zile kando ya redio. Safari hii nilinyamaza.

Mwalimu na apimwe, na akikosea aambiwe. Lakini kabla ya kumfukuza, tujiulize tulimpa shamba gani alime.