Ndege ya karatasi

Katika miaka ya 2000 ndege zilikuwa zinatua barabarani kule Kilambo, Walikale, kuchukua kasiterite ya Bisie na kuipeleka Goma. Watoto waliziona kila mara, lakini nani aliwaeleza namna zinavyoruka?

Hapa Masisi nawapa wanafunzi karatasi, wanaikunja. Nguvu ni nne tu: uzito unavuta chini, hewa inainua mabawa, mkono unasukuma mbele, hewa ileile inapinga mwendo. Funga kipande cha waya puani, inakwenda vizuri. Kipeleke mkiani: inapandisha pua, inakosa mwendo, inaanguka. Uzito ni uleule, mahali tu pamegeuka.

Jaribuni nyumbani. Kesho kijana wako akiitwa kupanda ndege yenye mizigo isiyopimwa wala kufungwa, atakataa, na atajua kwa nini.