Rafu za Mulongwe

Uvira ni mji mwembamba. Magharibi imesimama milima ya Mitumba, mashariki Ziwa Tanganyika, na ardhi iliyobaki katikati inatosha barabara ya taifa namba 5 na nyumba zilizojipanga kwenye kingo zake zote mbili. Kaskazini barabara hiyo inakwenda Bukavu, kusini inateremkia Fizi. Wabadilisha fedha, makanisa, gereji za pikipiki, maduka ya dawa na maduka ya nguo, vyote viko karibu nayo. Ukisimama katika mtaa wa Mulongwe na kuinua macho, unaona mashamba ya mihogo yamelala mtelemkoni. Ukigeuka tu, unaona maji. Ng'ambo ya ncha ya ziwa, majengo ya Bujumbura huonekana vizuri asubuhi kabla vumbi halijapanda.

Nguo za mitumba zinauzwa chini, juu ya maturubai, kwa kelele. Suruali za vijana zimevishwa kwenye viuno vya plastiki visivyo na kiwiliwili. Nilipita hapo haraka. Nilichokifuata ni safu ya maduka ya zamani yenye baraza za saruji na milango ya chuma iliyopakwa rangi ya bluu, ambako vitenge huuzwa ndani na hushonwa nje.

Maduka haya hayana madirisha ya kioo. Bidhaa inajitangaza yenyewe: vitenge vimetundikwa kwenye kamba mlangoni, na upepo wa ziwa unapovuma mchana, safu nzima inapepea kwa pamoja. Harufu zimekaa kwa zamu. Nje ni vumbi na ndagala wanaokaushwa ufukweni. Barazani ni mkaa wa pasi. Ukivuka kizingiti, unakutana na wanga na utomvu wa kitambaa kipya, harufu kali kidogo ambayo hubaki vidoleni.

Duka nililoingia lilikuwa la hatua sita kwa nne hivi. Rafu zilipanda hadi kwenye mabati. Mwenye duka, mama wa makamo aliyefunga kilemba cha kijani, hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Karibu, yaya. Ingia, usisimame kwa jua."

"Asante, mama. Naangalia tu."

"Angalia. Macho hailipe."

Akanitupia kitambaa magotini. "Pindua." Nikapindua. Upande wa pili rangi zilikuwa zilezile, nzito vilevile. Akanipa kingine, nacho nikakipindua: nyuma yake ilikuwa imepauka, maua yakionekana kwa mbali. Hakueleza zaidi, wala haikuhitajika. Kitenge cha waksi halisi huchapwa utomvu pande zote mbili kabla ya kuzamishwa kwenye rangi. Utomvu ukivunjika, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba ambayo haijirudii kutoka yadi moja hadi nyingine. Kazi hiyo Waholanzi waliianza wakiiga batiki za Java, na kiwanda chao maarufu, kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, bado kinachapa vitambaa kwa ajili ya Afrika. Vya kwao vilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, na bei yake mara kadhaa ya vile vya China vilivyojaa katikati.

Mama huyu havidharau vya China. Ana wateja wa kila kimo, na kila mteja anaingia hapa kwa sababu ana arusi, ana kwaya, ana msiba, au tarehe 8 Machi inakaribia. Anachokidharau ni rangi mbaya. Marobota hufika kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, au kwa gari kupitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira, lakini yeye haagizi kwa simu. Anakwenda mwenyewe Bujumbura, na mara nyingine hufika Dar es Salaam, akapekua kitambaa kimoja kimoja. "Nikileta rangi watu hawapendi, italala hapa mwaka muzima," aliniambia, akipapasa rafu. Nilitazama tena zile rafu baada ya maneno hayo. Kila mkunjo uliokuwapo ulikuwa umeshikwa na kukubaliwa na mtu mmoja, kwa fedha yake mwenyewe. Maduka makubwa ya miji mingine hayana kitu hicho.

Rafu ya chini kabisa ilikuwa tupu. Niliuliza. Akaelekeza kidevu upande wa mto. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake, ukashusha matope na mawe kutoka milimani hadi ndani ya nyumba za watu. Mawe hayo bado yapo mtoni, mengine makubwa kuliko meza ya fundi. Tangu hapo hakuna kitambaa kinacholala chini ya goti katika duka lake.

Nguo na mji huu vimejuana tangu kale. Mwaka 1858, wasafiri wawili Waingereza walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitumaini kuona mto unaotoka ziwani, waliambiwa kwamba Ruzizi unaingia, hautoki. Walikuta soko kubwa la kaskazini mwa ziwa: pembe za ndovu, nafaka, vyuma, nguo za magome ya miti, na watu waliouzwa kama mali. Katika biashara hiyo, vitambaa vya merikani na kaniki kutoka pwani vilikuwa fedha. Vilipimwa kwa mkono, na mikono 8 ilifanya doti.

Baadaye, wakati wa ukoloni, wakulima wa bonde la Ruzizi walilazimishwa kulima pamba. Kalemie, kusini zaidi kwenye mwambao wa ziwa hilihili, palijengwa kiwanda cha kufuma. Bujumbura nayo ikapata chake baada ya uhuru. Nilipekua rafu hadi juu nikitafuta hata kipande kimoja kilichofumwa kwenye mwambao huu. Hakikuwapo. Linaniuma hilo, kwa sababu mikono ya kufanya kazi hiyo ipo. Nilikuwa nikiisikia nje, ikipiga cherehani.

Nilichagua kitenge cha bluu ya kiza chenye ndege wa manjano, yadi 6. Bei ilitajwa kwa dola, tukapunguziana kwa faranga za Kongo. Noti yangu aliiinua juu, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni, akaipindua, akapitisha ukucha ukingoni kutafuta mchaniko. Noti ya dola iliyochanika kidogo tu haipokelewi hapa. Alikuwa akiikagua kama alivyonifundisha kukagua kitenge.

Barazani zilikuwapo cherehani nne za kanyagio, maana umeme wa mji hauaminiki. Fundi alinipima bega, kifua, kiuno na urefu, akaandika kwenye daftari la shule. Ukutani palikuwa na bango la modeli lililofifia kwa jua, lakini wateja wengi sasa humwonyesha picha kwenye simu. Yadi 6 hugawanywa mara tatu: blauzi, sketi, na kipande cha kujifunga juu yake. Hakukata upesi. Alitandaza, akakunja, akageuza, akatandaza tena, kwa muda mrefu kuliko muda niliotumia kununua. Alikuwa akitafuta mahali ambapo ndege angetua katikati ya kifua bila kukatwa kichwa, na mwenzake akae mgongoni akitazama juu. Kisha akaweka alama kwa chaki. Sijawahi kununua nguo iliyoshonwa tayari ambayo mtu aliifikiria namna hiyo, na huyu alifanya hivyo kwa malipo ambayo mjini kwetu hayanunui hata zipu na vifungo vya heshima.

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Si mchana. Mchana nina nguo za arusi."

Kilibaki kipande kirefu, chembamba. Hapa kinachobaki ni cha mteja, na fundi hukionyesha kabla ya kukikunja.

"Kilemba ao mufuko wa mutoto?"

"Mupe kilemba," mama alisema kutoka ndani, "na usimulipishe."

Nilisema kilemba, ila cha dada yangu, ambaye kichwa chake ni kikubwa kuliko changu. Fundi akaikokota tepu tena na kuuliza kwa kiasi gani.