Nyoka Akishakula

Mama zangu na dada zangu mtaniwia radhi kwa kuwaletea habari ya nyoka wiki hii. Najua ziko nyumba nyingi za pwani ambazo jina lake halitajwi usiku, na mwenye haja ya kumtaja humwita kamba. Basi msome mchana. Nyoka mwenyewe hayuko Kisauni wala Kipini. Yuko Leicester, Uingereza, ndani ya kasha la kioo, chumbani kwa mpwa wangu aliyetimiza miaka 13.

Kabla sijaendelea nitangulize neno kwa vijana watakaousoma ukurasa huu. Huko Uingereza nyoka wa namna hii huuzwa dukani na huhesabiwa kuwa mnyama wa nyumbani. Kwetu Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka nyoka wa porini bila kibali, na juu ya hilo nyoka wetu wengine ni kifutu, swila na koboko. Mtu asiende shambani na chupa. Ama hukumu ya kumfuga nyoka, hiyo ni mlango wake peke yake, na dada yangu nilimjibu faragha. Ninachotaka kukieleza hapa ni mambo anayoyafanya nyoka mchanga baada ya kula, kwa sababu mambo hayo yalikaribia kuvunja maelewano baina ya mama na mwanawe.

Nyoka huyu asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani. Wenyewe humwita nyoka wa mahindi. Husemekana ni kwa ajili ya tumbo lake, lililopangika madoa meusi na meupe kama punje za gunzi la zamani. Hana sumu. Windo lake hulikaba kwa kujizungushia, kisha akalimeza zima. Akikua hufika mita moja hadi moja na nusu, na akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hata 20. Huyu wa mpwa wangu alikuwa na umri wa miezi minne, urefu wake shibiri moja na nusu, unene wake kama kalamu ya risasi.

Dada yangu aliniletea ujumbe wa sauti usiku wa Jumanne. "Kaka," alisema, "huyu mdudu ama atoke yeye ama nitoke mimi." Akamhesabia makosa. Kwanza, akishameza hufungua kinywa kwa upana wa kutisha, mara mbili tatu, kama anayemwonyesha mtu koo lake. Pili, badala ya kutulia kama kiumbe aliyeshiba, huzunguka kasha lote, ulimi unaingia na kutoka, akasimamisha kichwa kwenye kioo. Na mtoto alipotia mkono kumtoa, alimrukia kidole. Tatu, baada ya hapo hupotea chini ya gome siku mbili tatu, haonekani hata ncha ya mkia. La nne ndilo lililomshinda: mara mbili mfululizo alimkuta asubuhi ametapika panya nusu mzima, na chumba kimejaa harufu. Kwake yeye, kiumbe kinachokasirika kikishiba na kukitupa chakula chake hakiwezi kuwa na heri. Alikwishamwambia kijana kwamba Ijumaa atarudishwa dukani.

Kijana hakubisha, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Tangu wahamie huko mwaka 2021 mpwa wangu amekuwa mchache wa maneno. Nikimpigia simu hupata "Alhamdulillah" na "nzuri, mjomba", kisha simu hupewa mama. Nikaomba niongee naye peke yake, nikamwambia: nieleze nyoka wako, mwanzo hadi mwisho, mimi sijui kitu. Alinieleza kwa muda wa dakika arubaini. Ana daftari. Kila mlo ameuandika tarehe, ukubwa wa panya, saa aliyokula na siku aliyokwenda haja. Nimesomesha watoto madrasa miaka mingi, na daftari la namna ile kwa umri wake sijaliona.

Baada ya hapo nilisoma kila nililolipata, nikaulizia kwa wanaojua, na nikamrudia dada yangu kwa makosa yake manne, moja baada ya jingine.

Kile kinywa wazi ni miayo tu, nayo ina kazi. Utaya wa chini wa nyoka haukuungana mbele kama wetu; pande zake mbili zimeshikwa na kano inayonyumbuka, na nyuma zimening'inia kwenye mifupa inayochezacheza. Ndiyo sababu huweza kumeza kitu kilicho kipana kuliko kichwa chake, upande mmoja wa utaya ukivuta na mwingine ukashika. Akimaliza, viungo vyote vimekaa upande. Hupiga miayo ili kuvirudisha mahali pake, kama sisi tunavyojinyoosha mgongo baada ya kuinama kwenye karo.

Kuzunguka kwake si hasira. Nyoka huonja hewa kwa ulimi, akaupeleka kwenye kiungo kilichopo juu ya kaakaa, na hapo ndipo anapojua nini kipo karibu. Akishameza, harufu ya panya bado imejaa kasha, na hamu ya kuwinda haizimiki papo hapo kama taa. Kwake yeye, penye kitoto kimoja cha panya pana uwezekano wa kuwa na kiota. Nyoka wachanga ndio wenye tabia hii zaidi. Na kidole cha kijana kilikuwa kimetoka kumshika panya. Nyoka hakukirukia kidole, alirukia harufu. Meno yake ni madogo mno, kijana mwenyewe alisema mchomo wake haufiki wa miba ya mdimu. Dawa yake ni kibano kirefu cha kumlishia, mikono kuoshwa, na kutomgusa nyoka aliyekula kwa saa 48 kwa uchache.

Kujificha nako ni akili. Nyoka mwenye uvimbe tumboni ni mzito, hawezi kukimbia wala kupenya tundu alilozoea, na porini kila ndege na paka angemla kwa raha. Kwa hiyo hutafuta penye joto na giza akatulia. Ndani ya utulivu huo pana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Wataalamu waliowachunguza chatu wa Burma walichapisha mwaka 2005, katika jarida la Nature, kwamba misuli ya moyo wa chatu huongezeka uzito kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 tangu ale, kisha hurudi ilivyokuwa chakula kikishasagika. Wakulima wa huku pwani waliomkuta chatu amelala vichakani baada ya kumeza mbuzi humwita mvivu. Si mvivu yule. Nyoka wa mahindi hali mara chache kama chatu, huyu mdogo alilishwa kila siku tano hadi saba, na mabadiliko yake si makubwa hivyo. Lakini siku zake mbili tatu za giza ni za kazi vilevile.

Likabaki la kutapika, na hili sikuweza kulimaliza kwa kusoma. Sababu zinazojulikana ni chache: kushikwashikwa mapema, panya mkubwa kupita kiasi, maradhi, au baridi. Kijana hakumshika, daftari linashuhudia. Panya walikuwa vitoto visivyoota manyoya, unene wao kama unene wa nyoka penye tumbo. Nikamuuliza joto. Akasema upande wa joto ni nyuzi 29, upande wa pili 23. Mchana na usiku? Akanyamaza. "Mchana ni sawa, mjomba." Na usiku? "Usiku swichi huzimwa."

Sikumuuliza nani huizima. Namjua aliyelelewa na mama yetu. Kabla ya kulala mama alikuwa akizunguka nyumba nzima akigusa kila swichi, na dada yangu hufanya hivyo hadi leo, tena katika nyumba ambayo umeme hulipiwa kabla ya kutumiwa na mumewe hufanya kazi ya ghala zamu za usiku. Chini ya lile kasha pana mkeka mdogo wa joto, na waya wake aliuona ni wa kuzimwa kama nyaya nyingine.

Nyoka hatengenezi joto lake. Bila joto la nje tumbo lake halisagi, na chakula kikikaa kwenye baridi huanza kuoza kabla hakijasagika, hapo mwili hukitupa nje. Usiku wa Januari chumbani kwa kijana ulitosha kwa hilo. Wala si jambo dogo kwa nyoka wa umri ule: kila akitapika koo huchomwa na asidi, nguvu hupungua, na wachanga wengine hufa kwa kurudia.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakumwambia mama yake. Akasema, "Angeona gharama imezidi, amtoe." Alichagua kumtazama akitapika, akipangusa usiku kabla mama hajaamka, kuliko kumfanya mama aone kwamba kosa lilitoka mkononi mwake, au kwamba pesa haitoshi. Sijui nimwite muungwana au mkaidi. Nadhani vyote viwili.

Kwa dada yangu nilianza na hesabu. Mkeka ule ni wa wati 7. Ukiwaka saa 10 mfululizo hautumii umeme wa kuchemshia birika la lita moja ya chai. Kisha nikamweleza habari ya joto na tumbo, bila kutaja swichi. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mimi." Nikamwambia mtoto alikwishajua, na nikamwambia kwa nini alinyamaza. Simu ilikatika, au aliikata.

Ijumaa ilipita na nyoka hakurudishwa dukani. Matibabu yake yalikuwa ni subira: maji safi, joto usiku na mchana, bila chakula kwa siku 14, kisha panya mdogo kuliko wa mwanzo. Katika siku hizo aliyehangaika zaidi alikuwa dada yangu. "Kaka, huyu mdudu hajala wiki nzima, hatakufa?" Nikampa kijana aseme naye, na wakasema. Mlo wa siku ya 15 ulikaa tumboni. Siku ya nne nyoka alikwenda haja, choo cheusi na kipande cheupe pembeni kama chokaa, ndivyo inavyotakiwa, na nikaletewa picha yake saa tatu za usiku nikiwa nimekaa kula na wageni. Pembeni ya swichi pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa hati ya dada yangu: USIZIME.

Wako wasomaji watakaouliza kuhusu usafi, na wana haki. Wanyama wa aina hii huweza kubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Mikono huoshwa kwa sabuni kila baada ya kumgusa au kugusa kasha, vyombo vyake havioshwi kwenye karo ya jikoni, na watoto walio chini ya miaka mitano hawafai kumshika. Dada yangu ana binti wa miaka mitatu. Mlango wa chumba sasa una komeo juu.

La friji bado halijaisha. Panya huuzwa wakiwa wamegandishwa, na dada yangu amekataa katakata mzoga ukae pamoja na nyama na samosa, hata ndani ya mkebe ndani ya mfuko ndani ya mfuko. Kwa hilo niko upande wake. Kijana anaweka akiba ya kununua jokofu dogo la mkono wa pili, na hadi sasa huenda dukani kila wiki kuchukua panya mmoja, dakika 25 kwa miguu kwenda na 25 kurudi. Wiki iliyopita mama yake alimsindikiza, akamngoja nje.