Udongo wa Nyanda za Juu na Heshima Yake

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, wengi hufikiri ngoma, vinyago na mashairi. Ni nadra mtu kuutaja ukuta wa nyumba aliyozaliwa. Hata hivyo Wahehe walijenga tembe zao kwa miti na udongo, na Kalenga ya Mtwa Mkwawa ilizungushiwa ngome ya mawe na udongo, iliyoangukia mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Wanyakyusa nao walikandika kuta za mianzi kwa ustadi uliowashangaza wageni. Anayeziita nyumba hizo duni hajazitazama vema.

Adui wa udongo ni maji. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka. Mama zetu waliujua ugonjwa huo kabla ya maabara: walichanganya udongo na samadi na majivu, wakasiriba upya kila baada ya masika. Miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa vilipohimizwa kujenga nyumba bora, matofali ya kuchoma yalisifiwa sana. Nayo ni imara, sibishi. Lakini sehemu ya gharama yake imelipwa na misitu, kwa maana tanuri hula kuni usiku na mchana. Huko Usangu, penye mpunga mwingi, wako wachomaji watumiao pumba badala ya kuni, na jambo hilo lastahili sifa kuliko linavyopewa.

Iko njia nyingine isiyohitaji tanuri la matofali. Chokaa ikichanganywa na udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, chembe zake hushikana na kuacha kunywa maji kwa pupa; kisha, kwa majuma kadhaa, chokaa huungana na silika iliyomo udongoni na kugeuka kuwa gundi ngumu. Kwa udongo wa kichanga saruji hufaa zaidi. Mawe ya chokaa yapo bonde la Songwe, karibu na Mbeya. Milima ya Rungwe imetuachia majivu ya volkano, jamii ya yale ambayo Warumi wa kale waliyachanganya na chokaa, na majivu ya pumba za mpunga, yakichomwa kwa moto wa kadiri, hufanya kazi hiyohiyo. Mtu atasema chokaa nayo huchomwa. Ni kweli; lakini mara nyingi huwa asilimia 5 hadi 10 tu ya tofali, ilhali tofali la kuchoma hupikwa lote.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila mashine. Wanafunzi na wafinyange matofali madogo mawili kwa udongo wa shule, moja likiwa na chokaa, na wayafunike kwa majani mabichi kwa majuma manne, wakiyanyunyizia maji. Yakisha kukauka kivulini, yatiwe majini usiku kucha. Asubuhi la kwanza litakuwa tope. La pili walipime kwa kucha.