Uso Usionasika

Kunasa ni kitenzi cha wategaji ndege kabla hakijahamia kwenye tarakilishi. Ulimbo hunasa, mtego hunasa. Na siku hizi kadi ndogo ya saketi, ipachikwayo ndani ya tarakilishi au kuchomekwa ubavuni mwake, huitwa kadi ya kunasia video. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya picha kutoka kwa kamera au mashine ya kaseti na kuyageuza kuwa tarakimu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzawa wa Lamu, aliinunua kadi ya aina hiyo kwa tamaa moja tu: kuuona uso.

Uso wenyewe ulikuwa katika kaseti ya VHS iliyorekodiwa harusini mwaka wa 1993. Wanawake wanacheza vugo, pembe zinagongwa kwa vijiti, na nyanya yake yumo safu ya mbele. Nyuma yake, karibu na ukuta, amesimama mwanamke ambaye marehemu nyanya alizoea kumwita "mwenzangu" tu, na ambaye ndiye aliyetunga nyimbo tatu kati ya zile zilizokuwa zikitafitiwa. Mwanafunzi alikuwa amempelekea shangazi yake picha mgando ya uso ule kwa simu. Shangazi hakuutambua. Sanduku la kadi lilitangaza pikseli 1920 kwa 1080. Kwa nini basi uso usijitokeze?

Muda nao haukuwa mwingi. Utepe ulikuwa umeanza kuota ukungu, na mashine za kuuchezea zilikwisha kuwa adimu: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka wa 2016.

Jaribio la kwanza lilimvunja moyo. Uso ulikuwa mkubwa zaidi, basi. Tena kila mkono uliposogea, kingo zake zilichanika mithili ya meno ya kitana.

"Dada, kadi haina kosa," fundi alimwambia. "Umeidai kitu ambacho kaseti haikupewa."

Alisema kweli. Katika mfumo wa PAL, uliotumiwa na runinga za Kenya hadi matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka wa 2015, picha ina mistari 625, na yapata 576 tu ndiyo ibebayo kinachoonekana. Tena haichorwi kwa mkupuo: hupita mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu-fremu 50 kila sekunde. VHS yenyewe hupunguza zaidi. Kwa upana huhifadhi takriban nukta 320 tu. Kuitanua picha hiyo hadi pikseli 1920 ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi. Matangazo ya sanduku hayakudanganya. Yalieleza kadi inaweza kupokea nini, wala hayakuahidi lolote kuhusu utepe.

Ajabu ni kwamba, katika kuutafuta ukali wa picha, alikuwa akiitupa mali iliyokuwamo. Nusu-fremu mbili zina nyakati mbili tofauti. Ukizikoroga pamoja, mwendo huharibika. Ukizitenganisha ipasavyo, unapata nyakati 50 kwa kila sekunde.

Akarudia. Utepe ulisafishwa, kadi ikawekwa kwenye pikseli 720 kwa 576, nusu-fremu zikaachwa kama zilivyo, na video ikahifadhiwa bila kubanwa. Saa moja ya video ya namna hiyo humeza takriban gigabaiti 75, kwa hivyo alilazimika kuazima diski. Utepe ulikwama mara mbili, lakini ulifika mwisho.

Uso haukubadilika. Ulibaki doa la hudhurungi lenye kivuli cha macho.

Likizo ilipofika, alimpelekea shangazi Lamu nakala ile. Safari hii shangazi hakuoneshwa picha mgando. Aliketishwa mbele ya tarakilishi, ngoma ikaanza. Mikono ilipanda na kushuka pasi na kuchanika. Shangazi alitazama kimya, kisha akainama.

"Rudisha hapo, mwanangu. Huyu anagonga kwa mkono wa kushoto, na anachelewa makusudi."

Akalitaja jina bila kusita. Usiku huo mwanafunzi alifungua tasnifu yake, akafuta maneno "mtunzi hajulikani" mahali patatu.