Mwacheni wa shoto apige shoto

Msomaji wangu, hivi shoto ina kosa gani? Ukipokea chenji kwa shoto, eti huna adabu. Ukimpa mzee mkono wa shoto, hukulelewa. Haya, hizo ni mila, siwezi kuzibishia. Ninachobishia ni mtoto kunyang'anywa mkono wake hata mahali ambapo heshima haihusiki kabisa.

Mimi mwenyewe wa shoto. Shule ya msingi nilichapwa rula mpaka kalamu ikahamia kulia, na huko iko hadi leo. Panga na fimbo vilikataa kuhama. Sasa kila Jumamosi napanda basi Korogwe, nakwenda Handeni kuwafundisha vijana saba eskrima, mchezo wa fimbo wa Ufilipino. Wenyewe kwao wanatumia henzirani ya kama sentimita 70, na mwaka 2009 waliupitisha kwa sheria kuwa mchezo wa taifa. Sisi tunachonga miti ya porini. Watu hawakutushangaa, maana Handeni Wamasai wanatembea na fimbo kila siku, na huko Pemba wazee wana kirumbizi chao.

Kasheshe ilianza kwa dogo mmoja. Alikuja ameshika fimbo kulia, lakini mkono ulikuwa unachelewa. Pigo analiona, la kufanya analijua, ila fimbo inafika vidole vimeshagongwa. Wiki ya tatu akataka kuacha. Nikamwambia, "Hamishia shoto." Wee! Siku hiyo waliogongwa vidole ni wenzake.

Sababu si uchawi. Wawili wa kulia wakitazamana, fimbo ya huyu iko mkabala na mkono mtupu wa yule. Akiingia wa shoto, fimbo inatazamana na fimbo. Pigo namba moja huanzia juu ya bega lenye fimbo. La wa kulia linatua upande wa kushoto wa mpinzani. La wa shoto linatua kulia, upande uleule wenye silaha, na watu hawajazoea kujikinga huko. Hata kwenye ngumi ni hivyohivyo. Manny Pacquiao, Mfilipino, alitwaa ubingwa wa dunia katika uzani nane tofauti akipigana shoto.

Kwa hiyo namba za mapigo sibadilishi. Moja ni moja, inaanzia bega la fimbo yako. Wa kulia wananitazama usoni kama wanajiona kwenye kioo. Dogo namgeuzia mgongo anifuate, maana tukitazamana anachanganyikiwa. Halafu kila mmoja lazima acheze naye dakika tano. Mwanzoni walilalamika eti anapiga vibaya. Nikawaambia havunji sheria yoyote, ni nyie hamjamzoea.

Jumamosi moja mama yake akatokea uwanjani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyu nimehangaika naye miaka sita kumtoa hiyo shoto. Leo wewe unamrudisha?"

"Mama, mezani ale kwa kulia, na wageni awape kulia. Ila hapa fimbo ndiyo inayomkinga kichwa. Akichelewa ataumia."

Hakujibu. Akasimama pembeni, mikono kifuani. Nikampanga dogo na yule mkubwa kuliko wote. Akakinga mapigo matatu, la nne akamgonga mwenzake kifundo cha mkono, fimbo ikaanguka chini. Mama hakupiga makofi wala hakucheka. Alisema neno moja tu, "Hapahapa uwanjani," akajitanda khanga yake akaondoka. Kwangu ilitosha. Dogo hajakosa Jumamosi hata moja tangu siku hiyo.

Sasa wewe mzazi, au kaka mkubwa, ukimwona mtoto anarusha jiwe kwa shoto, usikimbilie kumchapa. Mtazame kwanza linakwenda wapi. Na wewe unayejivunia mkono wako wa kulia, tafuta rafiki wa shoto ufanye naye mazoezi. Siku ukikutana na mgeni wa shoto, hatakupa notisi.