Chicago, Mji wa Viti Barabarani

Mwezi huu tunawapeleka mbali, Chicago, Marekani. Tuseme ukweli tangu mwanzo: kati yetu sisi walimu tunaoandaa ukurasa huu hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huko. Tunakwenda kwa masikio. Mwalimu aliyewafundisha baadhi yetu darasa la tano aliondoka hapa kambini mwaka 2016 pamoja na mke na watoto, na tangu hapo anatutumia ujumbe wa sauti. Tunausikiliza Jumapili jioni pale sokoni wanapochaji simu, sote tumeinamia simu moja kama kuku kwenye punje.

Mwalimu anakaa ghorofa ya juu. Chini yake anakaa mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Chicago, dereva wa basi mstaafu. Sisi tunatuma maswali, Mwalimu anatafsiri, mzee anajibu. Na mzee huyu ana maoni juu ya kila kitu, kuanzia Rais mpaka bei ya mayai.

Kwanza mji wenyewe. Chicago uko jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan. Una watu kama milioni 2.7, ni wa tatu Marekani baada ya New York na Los Angeles. Kwa kuwa wazee wetu wengi ni watu wa Tanganyika, tuliuliza: hilo ziwa likoje? Mwalimu akasema maji yake hayana chumvi kama ya kwetu, lakini ukisimama Uvira unaiona milima ya Burundi, na pale huoni ng'ambo, ni maji tu mpaka yanapokutana na mbingu. Wakati wa baridi kali ukingo wake unaganda ukawa kama mawe.

Mwalimu anakaa kaskazini ya mji, karibu na mwisho wa njia ya treni inayoitwa Red Line. Treni hiyo inatembea usiku na mchana, toka kaskazini mpaka kusini. Anasema ukipanda mwanzo ukashuka mwisho, utasikia lugha nyingi kuliko siku ya mgao hapa kwetu. Wengi wa wanaosema lugha hizo, wao au wazazi wao, walifika wakikimbia kitu. Hata mzee ni mjukuu wa waliokimbia. Babu yake alitoka Mississippi, kusini mwa Marekani, kama mamilioni ya watu weusi waliohama kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970 kwa sababu ya ubaguzi, umaskini na kuuawa na makundi ya watu. Na mji wenyewe umeshaonja kukosa makazi. Oktoba 1871 uliungua siku mbili, watu karibu 300 wakafa na kama laki moja wakabaki bila nyumba. Walijenga upya, tena haraka. Mwaka 1885 likasimama jengo la ghorofa 10, wakati huo maajabu.

Sasa viti. Theluji ikianguka usiku, asubuhi magari yanakuwa yamefukiwa kama karanga. Mtu anachukua beleshi, anachimba saa nzima mpaka anatoa gari lake. Akiondoka kwenda kazini, pale alipopasafisha anaweka kiti kibovu katikati, maana yake: hapa ni pangu, mimi nilitoka jasho. Sheria haimruhusu, barabara ni ya wote. Lakini majirani wengi wanaheshimu kile kiti. Tulicheka sana tuliposikia. Kumbe hata Marekani! Si ndivyo madumu yetu yanavyosimama foleni bombani badala yetu? Na ole wake anayesogeza dumu la mwenzake.

Tulipomuuliza mzee siasa kwake ni nini, tulitegemea atazungumza habari za Ikulu. Akajibu: "Siasa ni nani anasafisha theluji, na anaanzia mtaa gani." Akatupa mfano. Januari 1979 ilianguka theluji kubwa mno. Meya wa wakati huo, Michael Bilandic, akawa anawaambia watu mambo yanakwenda vizuri, huku barabara zimeziba na takataka zimejaa. Treni nyingine zikapita bila kusimama kwenye vituo vya mitaa ya watu weusi. Mwezi uliofuata ukawa wa kura za ndani ya chama. Watu wakatoka na hasira zao, meya akaanguka, akashinda Jane Byrne, ambaye mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago. Mzee alikuwa kijana. Anasema tangu siku ile anajua kwamba beleshi linaweza kumtoa mkubwa kitini.

Mji umegawanywa kata 50, kila kata ina diwani wake anayechaguliwa kwa miaka minne. Mzee anajua jina la diwani wake, ofisi yake na saa anayofungua mlango. Taa ya barabarani ikizimika anapiga simu namba 311, ambayo ipo tangu 1999 kwa ajili ya malalamiko ya huduma za mji, anapewa namba ya lalamiko lake na anaiandika kwenye daftari. Wiki mbili zikipita bila fundi, anakwenda kwa diwani na daftari lake. Mwalimu anasema siku ya kwanza alipomsindikiza, magoti yalikuwa yanamtetemeka. Alizoea kwamba ukienda ofisini unakwenda kuomba. Mzee alikwenda kudai, tena amevaa kofia.

Msidhani basi kwamba kule kila kitu ni safi. Mzee akianza kulaumu hamalizi. Tangu 1931 mameya wote wa Chicago wametoka chama kimoja, Democratic, na yeye ni mpiga kura wa chama hicho hicho, lakini anasema chama kikikaa sana madarakani kinaota kutu. Mfano wake ni mashine za kulipia maegesho ya magari. Mwaka 2008 mji ulizikodisha kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1 na zaidi kidogo. Madiwani walipitisha mkataba ndani ya siku chache tu baada ya kuuona, bei ya maegesho ikapanda, na sehemu kubwa ya fedha ikatumika ndani ya miaka michache. "Wajukuu wangu watalipia saini za watu waliokwisha kufa," anasema. Sisi tulikaa kimya pale sokoni. Saini za watu wachache na maisha ya watu wengi, hilo tunalijua.

Katika maisha ya kila siku, jambo linalomuuma zaidi ni upweke. Julai 1995 joto kali liliingia Chicago na watu zaidi ya 700 wakafa ndani ya siku chache. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, madirisha yamefungwa, wengine kwa kuogopa wezi, na hakuna aliyegonga mlango. Tangu mwaka ule mzee ana desturi moja: kila asubuhi anagonga milango ya jengo lake, anasikiliza mtu ajibu, anaendelea. Mwalimu alipofika hakujua. Wiki ya kwanza alidhani ni polisi, akawaficha watoto chumbani! Siku hizi mzee akichelewa, watoto ndio wanaoshuka kumgongea.

Tukafika kwenye shule, kazi yetu. Mwaka 2013 mji ulifunga shule za serikali zipatazo 50, nyingi katika mitaa ya watu weusi. Wazazi waliandamana, zikafungwa hata hivyo. Mzee alimpoteza shule mjukuu wake. Lakini kuna jambo lingine ambalo hatukulijua. Kwa sheria ya mwaka 1988, shule nyingi za serikali za Chicago zina baraza lake, na ndani yake wazazi 6 wanaochaguliwa kwa kura, pamoja na wakazi wa mtaa, walimu na mwalimu mkuu. Baraza hilo linamchagua mwalimu mkuu na kupitisha matumizi ya fedha za shule. Na katika kura hiyo, tofauti na kura ya meya au Rais, huulizwi kama wewe ni raia. Ukiwa mzazi wa pale, unapiga.

Mwalimu alikimbia Kongo akiwa mtoto, mwaka 1996. Kongo ilipopiga kura 2006 alikuwa hapa nasi. Ilipopiga 2011 alikuwa hapa. Mwaka 2018, kwenye ukumbi wa shule ya watoto wake, alipewa karatasi na kalamu. Ndiyo kura yake ya kwanza maishani. Alitutumia ujumbe siku ile, haukuwa mrefu. Alisema tu: "Vijana, leo nimehesabiwa, na si kwa ajili ya kadi ya chakula."

Baadaye alipata uraia, na mwaka 2023 akapiga kura ya meya. Alimpigia Brandon Johnson, kwa sababu aliwahi kuwa mwalimu kama yeye. Johnson akashinda. Mzee alimpigia mpinzani wake, Paul Vallas. Tulipata hofu, tukauliza: sasa mnaishije jengo moja? Kwa kuwa ndugu wasomaji, wengi wetu tunajua kwetu watu wawili wakitofautiana kura nini kinafuata. Kuna familia humu kambini ambazo safari yao ilianza usiku wa namna hiyo. Mwalimu akajibu kwamba walibishana ngazini mpaka mke wake akafunga mlango. Kesho yake asubuhi mzee akagonga kama kawaida. Akasikiliza. Akaitikiwa. Akaendelea.

Tunajua swali lililo kichwani mwa kila familia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wameshauza vyombo vyao walirudi kuvinunua tena kwa bei ya juu. Hata sisi tunaoandika, kati yetu kuna mwenye kesi ya familia, naye hatapona kwa kusoma makala. Tulimuuliza mzee anasemaje. Alisema nchi yake imegawanyika, hata jengo lake limegawanyika, na yeye alimpigia simu mbunge wake na kuandika tarehe kwenye daftari. Hakutuahidi kitu. Tulimheshimu kwa hilo.

Lakini tangu wakati ule, darasani kwetu kuna watoto wamekaa kama abiria. Ukimwuliza mmoja mbona huandiki, anasema, "Mwalimu, sisi tunasubiri." Na wazazi nao wanasubiri. Uchaguzi uliopita wa kamati ya wazazi ya shule yetu walikuja wazazi tisa. Tisa! Darasa moja tu lina watoto zaidi ya mia. Kisha tunalalamika vitabu vinagawiwaje, choo kimejaa tangu lini, nani alichagua nani. Hatusemi kamati itafungua njia ya kwenda popote. Tunasema choo cha shule ndiyo theluji yetu, na kipo mlangoni. Mtoto atakayeondoka kesho na atakayebaki miaka kumi, wote leo wanakitumia.

Basi, wazazi wetu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tunachagua kamati mpya chini ya mwembe wa shule. Hatuulizi kesi yako imefikia wapi. Ukiwa na mtoto shuleni, una kura. Mkibishana, mbishane, ila Jumapili asubuhi mgongeane milango.

Madawati ni machache, kwa hiyo kila mmoja aje na kiti chake. Tunaahidi hakuna atakayekisogeza.